Maziwa ya Pango, Mwili wa Mtani

Tangu Daktari Mzava aanze kumkamua Mihayo kwa mikono yake mwenyewe, Sikudhani Semvua alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni. Mkuu wa kituo kizima, mwanamke mwenye vyeti vya kujaza ukuta, alikuwa na haja gani ya kuvaa glavu na kuinama juu ya tumbo la fundi wa mashine za mkonge? Kazi hiyo muuguzi yeyote wa kituo cha Kwemhosi huifanya huku akipiga soga. Jumatano ya kwanza Sikudhani alijiuliza. Ya pili akajiuliza tena. Ya tatu hakujiuliza, maana alikuwa ameshajijibu kwamba kuna kitu.

Tuseme ukweli, mwanamke huyu alizaliwa na shaka. Mchele wa dukani aliupepeta mara mbili, na mtu akimkaribisha chakula, macho yake yalipita kwanza kwenye sufuria kuona kama kweli kimo. Kituo kilimwajiri kwa sababu hiyohiyo. Kazi ya usikilizaji haimfai mtu anayeamini upesi.

Jumatano ile Mihayo Kapela aliingia chumba cha kukamulia akiwa ameshika kiuno, vifungo vya shati ameshavifungua. Alikuwa Mnyamwezi wa miaka hamsini na kitu. Babu wa babu yake aliletwa Tanga kukata mkonge, na uzao wake haukuondoka tena, hata mashine zisizo na dereva zilipochukua mapanga yao. Hakujua kuingia mahali kimyakimya.

"Wazigua mpo?" alisema akiwa bado mlangoni. "Leo mnanimaliza kabisa. Usiku kucha natoka jasho, mifupa inawaka moto, na hata ugali naona mchungu. Nikifa mjue mmeniua nyie. Na Mzigua hata kaburi hajui kuchimba, atanizika miguu iko nje."

Muuguzi alicheka hadi akashika meza. Sikudhani naye hakukubali kushindwa. Alimwambia Mnyamwezi hafi kwa homa, hufa kwa uchoyo, na kama mifupa yake inawaka basi ailete jikoni, kuni zimekuwa shida. Mihayo akacheka, akapanda kitandani. Sikudhani alimwona akipanda kwa goti moja kwanza, kama mzee, lakini kicheko kilikuwa bado mdomoni na jambo lile likapita.

Ndivyo ilivyokuwa kila Jumatano, na karibu tuseme sheria ndivyo ilivyotaka. Ubebaji, yaani kumkuzia mgonjwa dawa ndani ya mwili wa mtu mwingine, ulipoanza, wenye nacho walikodi matumbo ya maskini. Tajiri mmoja alibebewa na watu watano, na wabebaji walikufa bila mtu kuuliza. Serikali ya Shirikisho ikapiga marufuku malipo. Watu wakahamia kwa ndugu, ikawa balaa nyingine: shangazi anaburutwa kubeba huku analia, maana nani ana uso wa kumkatalia ndugu? Ndipo mtu mmoja bungeni, na inasemekana alianza kwa mzaha, akauliza kwa nini kazi hii wasipewe watani. Mtani hanunuliki. Mtani hakuogopi. Akichoka anakutukana mbele za watu na kwenda zake, na huna ruhusa ya kukasirika. Mzaha ukawa sheria. Tangu hapo Mzigua akiugua hubebewa na Mnyamwezi, na Mnyamwezi akiugua hubebewa na Mzigua, kama walivyozikana tangu enzi za misafara.

Alichobeba Mihayo kilikaa chini ya ngozi, kando ya kitovu: kifuko cha utando, ukubwa wa yai la kuku. Ndani yake waliishi bakteria waliotolewa kwenye kuta za mapango ya chokaa, kwenye ule ukoko mweupe laini ambao wenyeji waliuita maziwa ya pango. Wakiwekwa kwenye mapipa ya maabara bakteria hao walizaliana na kunenepa, lakini baada ya vizazi vichache waliacha kutoa kile kilichotafutwa. Ndani ya mwili wa mtu waliendelea kutoa, kidogo, kwa shingo upande. Mbebaji alimeza vidonge vya kutuliza kinga ya mwili ili usiwafukuze, na mara moja kwa wiki walikamuliwa kwa sindano.

Sikudhani alikuwa ameshashika sikio. Lilikuwa kidude cha kuvaa kichwani, chenye waya mwembamba unaogusa tone la maji ya kifuko. Bakteria huzungumza kwa chembe za kemikali. Mmoja anazitoa, mwenzake anazipokea na kujua wako wangapi, chakula kipo, adui yupo. Sikio liligeuza chembe hizo kuwa sauti, na Sikudhani alizijua sauti hizo kama mpishi anavyojua mafuta yaliyoiva.

"Huyu leo hatumsikilizi," alisema Daktari Mzava bila kuinua macho. "Nenda kwa wabebaji wengine."

Sikudhani alimkumbusha kwa upole kwamba Mihayo hajasikilizwa kwa wiki tatu. Daktari akajibu kwamba mgonjwa wa Mihayo ni Mwajabu, kwamba Mwajabu ni binti wa Sikudhani, na kwamba si vizuri mama asikilize dawa ya mwanawe. Jibu lilikuwa zuri mno. Miezi yote iliyopita, tangu msikilizaji mwenzake ahamishiwe Mbeya, mama huyohuyo alikuwa akisikiliza dawa hiyohiyo na hakuna aliyeona ubaya. Aliweka sikio kwenye kisanduku chake na kutoka, lakini mlango aliuvuta polepole, na upenyoni aliona chupa ikijaa. Zamani Mihayo alitoa maziwa ya kufunika kucha. Sasa alitoa nusu chupa, mazito, meupe pe. Na Mihayo, aliyekuwa hafungi mdomo hata akiwa usingizini, alikuwa ameukaza mdomo na kuangalia dari.

*

Mwajabu alikuwa na miaka kumi na mmoja, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka alikuwa amelalamikia chakula. Alisema maharage ya hospitali hayana chumvi. Mama yake alikwenda dirishani akatazama nje kidogo, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa, kisha akarudi na kumgombeza kuhusu adabu mezani.

Saratani ya damu aliyokuwa nayo mtoto huyu ilikuwa sugu. Seli zake zilikuwa na pampu ndogondogo ukutani, na dawa yoyote iliyoingia mlangoni ilitupwa nje kabla haijakaa. Dawa tano zilijaribiwa. Zilimwondolea Mwajabu nywele, kucha na hamu ya kucheza, na seli zikabaki zimenona. Maziwa ya pango hayakushindana na pampu. Yaliingia kwa sura ya chakula, na seli kwa ulafi wake ikayapeleka hadi kwenye vinu vinavyoipa nguvu. Huko yakaviziba. Seli ikikosa nguvu hata pampu zake husimama, na kinachofuata ni kifo chake.

Tatizo lilikuwa kiasi cha maziwa. Kwa miezi mingi matone ya Mihayo yalizipunguza seli na zenyewe zikarudi, zikapunguzwa tena, zikarudi. Kisha wiki tatu zilizopita chupa zilianza kujaa, na hesabu ya damu ya Mwajabu ikaanza kuteremka kwa namna ambayo Sikudhani alikuwa ameacha kuiombea. Daktari alisema kama haitakatizwa, dozi mbili zingetosha kuzimaliza. Ikikatizwa zilizobaki zingejifunza, na za kujifunza ndizo mbaya zaidi.

Mama mwingine angepiga goti na kushukuru. Sikudhani alishukuru, kisha akauliza: wadudu wamelala mwaka mzima, nani kawaamsha? Alifikiria kwanza kwamba Mzava anauza maziwa ya ziada kwa watu wa nje. Lakini chupa zote zilifika wodini, alizifuata kwa macho yake. Akafikiria kwamba Mihayo amebadilishiwa bakteria. Hilo nalo lisingehitaji mlango kufungwa. Na hapo ndipo alipokumbuka jinsi viumbe wale walivyo. Pangoni hawatoi sumu yao kwa hisani. Huitoa wakisikia adui yuko jirani.

Adui gani, basi, alikuwa ndani ya tumbo la Mihayo?

*

Ijumaa mchana, wengine walipokwenda kula na wengine kuswali, aliingia chumba cha kuoshea vyombo. Alikuta sindano ya Mihayo ya Jumatano bado iko kwenye beseni la kusubiri kuchomwa, na tone la maziwa limebaki shingoni mwake. Alijiona mwizi. Akavaa sikio na kugusisha waya.

Kifuko kilichotulia hutoa mvumo wa chini, kama watu wengi wanaozungumza nyumba ya pili. Mvumo haukuwepo. Palikuwa na mluzi. Ulipanda mara mbili, ukakatika. Ukapanda mara mbili, ukakatika.

Sikudhani alivua sikio na kuketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kila saratani huwatia bakteria mluzi wake, na huu aliujua. Aliusikia mwaka uliopita, siku waliyowatia tone la damu ya Mwajabu kuona kama watamtambua adui. Tangu siku ile ulikuwa ukimjia hata akipika. Mama hujua kikohozi cha mwanawe hata kwenye ukumbi uliojaa watoto. Seli za Mwajabu zilikuwa ndani ya Mihayo.

Seli za saratani haziruki kama mafua. Haziendi kwa mtu mwingine mpaka azipeleke mtu. Aliyezipeleka alikuwa na sindano, glavu na mlango wa kufunga.

Hasira ilimpanda, hilo lilikuwa la kwanza. La pili lilimjia nyuma yake taratibu, na lilimtia aibu kuliko wizi wa sindano: kama atanyamaza wiki mbili tu, Mwajabu atapona. Hakuna aliyejua kwamba amesikia. Aliuosha waya, akairudisha sindano kwenye beseni, akaenda nyumbani na kupika wali ambao hakuula. Jumamosi na Jumapili alinyamaza. Alikuwa akijiambia kwamba anatafuta ushahidi zaidi, yeye aliyekuwa nao wa kutosha kumfunga mtu.

Jumatatu alikutana na Mihayo kwenye ngazi za kituo, amekaa katikati anapumzika, na ngazi zenyewe hazizidi kumi. Mihayo alisema Wazigua wamejenga ngazi ndefu kwa sababu wanapenda kuwaona watu wakihema. Safari hii Sikudhani aliyatazama macho yake badala ya kusikiliza maneno. Weupe wa macho ulikuwa umefifia, na midomo haikuwa na damu. Aligeuka, akapanda moja kwa moja hadi ofisini kwa Daktari Mzava.

*

Hakubisha hodi.

"Umempandikiza Mihayo ugonjwa wa mwanangu," alisema.

Daktari Mzava aliweka kikombe chini. Hakukana, na Sikudhani, aliyekuwa amejiandaa kwa uongo wa kila aina, akakosa pa kushika. Daktari alisema seli ziliwekwa ndani ya kifuko, si mwilini. Utando wake unapitisha chakula na maziwa lakini haupitishi seli. Matundu ya utando huo aliyapima yeye mwenyewe. Seli chache tu, za kuwachokoza bakteria, na wao huziua na kuendelea kutoa sumu kwa hasira. Alimpima Mihayo damu kila wiki na hesabu zilikuwa safi.

Sikudhani alimuuliza nani alimpa ruhusa ya kumchezea mtu.

"Mwenyewe," alisema Daktari. "Mwite."

Mihayo aliitwa kutoka kwenye ngazi. Alipoingia na kuona nyuso mbili zile, alielewa, akavuta kiti na kuketi kabla ya kukaribishwa. Alieleza kwa kifupi. Alikuwa amechoka kuona matone yake yanampandisha mtoto na kumshusha. Siku moja akamuuliza Daktari kwa nini wadudu hawa ni wavivu, akaambiwa hawana adui wa kuwaamsha. Akasema basi waleteeni. Daktari alikataa. Mihayo akarudi kesho yake, na kesho kutwa, akimwimbia nyimbo za matusi dirishani hadi wauguzi wakamwomba Daktari amkubalie ili wapate utulivu. Hawakujua wanaomba nini.

"Mimi ndiye niliyekubali," alisema Mzava. "Sitamsingizia. Wewe nilikuficha kwa sababu ungesikia, na ukishasikia ingekubidi uchague. Niliona hilo ni jambo ambalo mama hapaswi kupewa."

"Na homa zake?"

"Homa zipi?"

"Jasho la usiku. Mifupa kuwaka. Ugali mchungu."

"Hakuniambia habari ya homa," alisema Daktari, na sauti yake ilianza kupungua.

"Alituambia sote," alisema Sikudhani. "Kila Jumatano, mlangoni. Tukacheka."

Kila mtu mle ndani alikuwa amecheka, na Sikudhani alikuwa amemjibu kwa habari ya kuni. Mtani anaposema anakufa, nani huandika? Watu wa kabila lingine, nchi nyingine, wangemlaza kitandani siku ileile na kumpima. Wao walimpigia makofi.

Mihayo alikuwa akikuna goti. Alisema hakutaka kumdanganya mtu, kwao uongo mbele ya wagonjwa ni mkosi. Na pia hakutaka kuzuiwa. Basi akasema kweli kwa namna ambayo isingesikika. Alilisema hilo kwa kiburi kidogo, kama fundi anayeonyesha mashine aliyoitengeneza kwa vyuma chakavu.

Daktari Mzava alisimama. Alisema vipimo vya kawaida huona ugonjwa ukishajaa. Kama utando umetoboka na seli chache zimetoka, huku kinga ya mwili imetulizwa kwa vidonge, zitakuwa zinazaliana kwenye uboho wa mifupa na hakuna mashine yake itakayoziona mapema. Bakteria wangeziona. Achukuliwe damu mkononi, mbali na kifuko, wadondoshewe bakteria waliotulia wa mbebaji mwingine. Wakivuma, yuko salama. Wakipiga mluzi, utando umevuja.

Kisha alisema lililobaki, na alilisema huku anaangalia meza. Sheria ya ubebaji ina kifungu kimoja ambacho hakina mlango wa nyuma: mbebaji akiugua kwa kile alichobeba, kifuko kinatolewa saa hiyohiyo, na maziwa yaliyopo ni yake kwanza. Chupa ya kwanza kati ya zile mbili za Mwajabu ilikuwa kwenye jokofu, apewe saa tisa. Ingekuwa ya Mihayo, na ya pili isingekuwepo. Mbebaji mpya huchukua miezi minne kukubaliana na bakteria, na seli za Mwajabu zisingengoja miezi minne zikiwa zimekaa tu.

"Mashine inachora mawimbi," alisema Daktari. "Damu ya mtu ina kelele nyingi, mimi siwezi kutofautisha. Ni wewe tu. Utakachosema ndicho nitakachofuata, na sitakuuliza mara mbili."

Sikudhani alimkazia macho. Alitafuta usoni mwake kama ilikuwa huruma au ilikuwa mtego, kama alikuwa anapewa heshima au anapewa njia ya kusema uongo bila shahidi. Hakuweza kujua. Pengine Mzava mwenyewe hakujua.

*

Walimtoa Mihayo damu palepale ofisini. Yeye mwenyewe alikunja shati na kumwambia Daktari asitafute sana mshipa, Mnyamwezi ana mingi. Alipomwona Sikudhani anavaa sikio, aliinama karibu na kuzungumza kwa sauti ndogo, isiyo ya utani hata kidogo. Alisema yeye amekula chumvi nyingi, ana wajukuu, ameona mengi. Mtoto yule hata shule hajamaliza. Mtu akisema hakuna mluzi, basi hakuna.

Daktari aliwadondoshea bakteria damu ile, na Sikudhani akagusisha waya.

Kwanza alisikia damu: mchakarisho wa chembe zinazosukumana. Chini yake ulikuwepo mvumo, wa chini, mpole. Moyo wake uliruka kwa furaha, akafumba macho. Alitamani kuvua sikio hapohapo, na kama angelivua asingekuwa amesema uongo. Angekuwa amesikiliza vya kutosha. Wangapi husikiliza vya kutosha wakaishi maisha yao kwa amani? Lakini hakuwa mtu wa kupepeta mara moja. Akatulia, akangoja.

Ulikuja kutoka mbali. Ulipanda mara mbili, ukakatika.

Akangoja tena, akitumaini amekosea. Ukarudi. Mwembamba, wa seli chache mno, wa mwanzo kabisa. Ugonjwa ambao chupa moja ingeweza kuumaliza leo, na ambao mwezi ujao usingemalizwa na chupa kumi. Aliwaza kichwa cha Mwajabu chenye nywele zinazoanza kuota. Aliwaza maharage yasiyo na chumvi. Alimpenda mwanawe pale kuliko alivyowahi kumpenda, na alimchukia mtu huyu aliyekaa mbele yake na mkono umekunjuliwa, kwa kuwa mwema kiasi kile na kumletea yeye hukumu.

Alivua sikio.

"Upo," alisema.

Daktari Mzava alifunika uso kwa viganja. Mihayo yeye alicheka, kicheko kikubwa cha mlangoni.

"Daktari, ushawahi kuona Mzigua akasema kweli? Hawa babu zao waliwauzia babu zetu njia, kumbe barabara inakwenda mtoni. Huyu anataka tu kunikata tumbo aone nimekula nini. Msikilizaji gani, masikio yenyewe yamejaa nta." Alimgeukia Sikudhani, nyusi amezipandisha, akimngojea. Ilikuwa zamu yake. Matusi yakitoka upande huu lazima yarudi kutoka upande ule, na yakirudi kila kitu kingekuwa mzaha tena, hata alichokisema.

Sikudhani alimwangalia tu.

Mihayo alingoja. Nyusi zikashuka, moja kwanza, halafu ya pili. Alitazama mkono wake, pale sindano ilipoingia, akapapasa kwa kidole gumba. Kwa mara ya kwanza Sikudhani alimwona anaogopa.

"Kweli, Mama Mwajabu?"

"Kweli, kaka yangu."

Hakubishana tena. Walimlaza, Daktari akatoa kifuko kwa mikono iliyoanza kukumbuka kazi yake, na Sikudhani akaenda mwenyewe kwenye jokofu. Jina la Mwajabu lilikuwa ubavuni mwa chupa. Hakulibandua. Aliitundika, akafungua bomba, akasimama hapo hadi tone la kwanza liliposhuka kwenye mshipa wa Mihayo, kwa sababu alikuwa hajiamini na alijua kwamba akitoka kabla, angeweza kurudi kuifunga.

*

Saa tisa ilipopita kidogo aliingia wodini. Mwajabu alikuwa ameshapandisha mkono wa blauzi hadi begani na kuunyoosha juu ya mto. Alimuuliza mama yake mbona dawa imechelewa.

"Mtani wako kaichukua," alisema Sikudhani. Ndivyo yalivyotoka. Alikuwa ameyapanga maneno mengine njiani.

Mwajabu aliangua kicheko. Alisema Wanyamwezi ni wezi tangu zamani, leo kaiba dawa, kesho ataiba kitanda na yeye juu yake, na akipona atamfuata hukohuko mashineni kwake amfunge kwa kamba ya mkonge. Alicheka hadi akakohoa, na Sikudhani akaketi kando yake akamshika mgongo mpaka kikohozi kikapita.

"Mwajabu. Leo si utani."

Mtoto alimtazama. Kicheko kilimtoka polepole.

"Anaumwa?"

"Anaumwa."

"Kama mimi?"

"Kama wewe hasa."

Mwajabu alifikiri. Alikuwa mtoto wa mama yake, na jibu nusu halikumtosha.

"Kaupata wapi?"

Sikudhani, aliyeishi kwa kuwabana watu hadi waseme, alitamani kwa mara moja tu angejua kumdanganya mtu vizuri. Dirishani mashine za mkonge zilikuwa zinageuka mwisho wa shamba na kuanza mstari mwingine.

"Kwako," alisema. "Aliuomba."

Mwajabu hakulia. Aliutazama mkono wake uliokuwa bado umenyooshwa juu ya mto, mweupe kwa ndani, mshipa umejitokeza tayari kwa sindano. Kisha akaushusha mkono wa blauzi mwenyewe, hadi kwenye kifundo, akafunga kifungo.